Kabla ya Kuomba Ruzuku, Mwajiri Mdogo, Hesabu Saa za Anayefundisha

Mwajiri mwenye wafanyakazi wanane akiniuliza ni msaada gani anaweza kuupata anapotaka kuajiri, mara nyingi jibu analotaka limo ndani ya swali lake: anatafuta fedha ya kumlipia mshahara mfanyakazi mpya. Fedha hiyo katika nchi nyingi ipo, na nitaizungumzia. Lakini nimekaa na wenye biashara ndogo na karakana za watu wachache kwa muda mrefu, tukipitia fomu, mikataba na madaftari ya mishahara, na nimefikia msimamo ambao nitautetea hapa bila kumung'unya maneno. Kinachomkwamisha zaidi mwajiri mdogo ni saa za mwenyeji, yaani mfanyakazi wa zamani, atakayemfundisha mgeni. Mshahara wa mgeni mwenyewe unakuja baadaye kabisa.

Mtu mpya anapofika, anayekabidhiwa kumfundisha ni yule anayeijua kazi kuliko wote, na huyohuyo ndiye ambaye kazi zote ngumu hupitia mikononi mwake. Kila dakika anayosimama kueleza, kuna mteja anayesubiri. Katika kampuni ya watu mia tano pengo hilo halionekani: kuna kitengo cha mafunzo, kuna msimamizi wa zamu, kuna mtu wa kushika nafasi. Penye watu wanane, fundi mmoja akitoa nusu ya juma kufundisha, pengo linaonekana kwenye mapato kabla mwezi haujaisha. Basi linatokea lile ninaloliona tena na tena. Mgeni anaambiwa "kaa hapo uangalie". Anaangalia, anajaribu, anakosea, anakaripiwa, na baada ya wiki chache ama anaondoka mwenyewe ama anaambiwa hafai. Mwenye biashara anabaki akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi. Namwelewa, kwa sababu amebanwa kwelikweli. Lakini kijana yule hakuikataa kazi, hakufundishwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 inayosimamia mafunzo na ajira kwa fedha za umma imeligusa jambo hili vizuri kuliko nyingi nilizozisoma. Inaruhusu mwajiri anayemchukua mtu kwa mafunzo kazini arudishiwe hadi asilimia 50 ya ujira wa mwanafunzi huyo, na katika hali fulani hadi asilimia 75. Ukiisoma kwa haraka utadhani ni ruzuku ya mshahara kama zile nyingine. Lakini sheria yenyewe inataja sababu: fedha hiyo inafidia gharama za ziada za kufundisha na kusimamia. Ujira wa mwanafunzi umetumika kama kipimo kwa kuwa ni rahisi kuuhesabu. Kinacholipiwa hasa ni muda wa mtu aliyesimama kando yake.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mezani kwa mwenye biashara. Aliyeichukua fedha kama punguzo la mshahara ataimeza katika matumizi ya kawaida, na mgeni ataendelea kukaa pembeni akiangalia. Aliyeichukua kama malipo ya saa za fundi wake ataketi na fundi huyo, wakubaliane ni saa zipi za juma hatapewa kazi ya mteja, na atamwongezea kitu katika malipo yake kwa ajili ya jukumu hilo jipya. Kiasi ni kilekile na fomu ni ileile. Nimeona sehemu mbili zinazofanya kazi moja zikipata msaada wa aina moja na kuishia mahali tofauti kabisa kwa sababu hiyo tu.

Ruzuku ya mshahara ikiachwa peke yake ina historia ya kutia mashaka. Kuanzia mwishoni mwa 1980 hadi 1981, huko Dayton katika jimbo la Ohio, lilifanyika jaribio ambalo kila anayetunga mipango ya ajira angepaswa kulijua. Watafuta kazi waliokuwa wakipokea misaada ya umma walipewa vocha za kumwonyesha mwajiri: ukiniajiri, sehemu ya mshahara wangu utarudishiwa. Wenzao wa hali kama yao hawakupewa. Waliokuwa na vocha walipata kazi kwa kiwango cha chini kuliko wasiokuwa nazo. Mwanauchumi Gary Burtless, aliyelichambua jaribio hilo, aliona kwamba yaelekea vocha iligeuka alama. Mwajiri aliitazama akajiuliza mtu huyu ana kasoro gani hata serikali ijitolee kumlipia. Miaka kama thelathini baadaye, nchini Jordani, wanawake waliotoka vyuo vya kati walipewa vocha zilizodumu hadi miezi sita. Ajira zao ziliongezeka sana wakati vocha zikifanya kazi. Muda ulipoisha, ongezeko lile likayeyuka karibu lote.

Sisemi ruzuku haina maana. Kwa mwajiri aliyekwisha kuamua kuajiri na akaandaa jinsi ya kufundisha, inampa pumzi ya miezi ya mwanzo, na miezi hiyo ndiyo migumu. Nasema tu kwamba isiwe sababu ya kuajiri. Tena, kabla hujaihesabu kama fedha yako, soma inalipwa lini. Mipango mingi hurudisha baada ya wewe kulipa, kwa kupeleka stakabadhi, hati za mahudhurio na uthibitisho wa mshahara kuingia benki, na marejesho yanaweza kuchukua miezi. Mwenye mtaji mdogo anaweza kuelemewa akiwa anadai. Ndiyo maana naupenda mtindo wa Afrika Kusini, ambako tangu Januari 2014 mwajiri anayemchukua kijana wa miaka 18 hadi 29 mwenye kipato kilicho ndani ya kiwango kilichowekwa anapunguza kiasi cha kodi ya mishahara anachowasilisha mwezi huohuo. Hasubiri hundi ya mtu. Angalia pia masharti ya kipindi cha kumbakisha mfanyakazi, na kama nafasi ni lazima iwe mpya. Kumwondoa mfanyakazi wa zamani ili uingize mwenye ruzuku kunakatazwa karibu kila mahali, na ni haki kukatazwe.

Sasa kuhusu kumpata mtu mwenyewe. Ofisi za ajira za umma ni msaada wa zamani kuliko ruzuku zote hizi. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1909, Winston Churchill akiwa waziri wa biashara, na ofisi za kwanza zikafunguliwa Februari 1910. Shirika la Kazi Duniani lilipoundwa mwaka 1919, mkataba wake wa pili kabisa ulitaka kila nchi mwanachama itakayouridhia iwe na ofisi za ajira zisizotoza ada. Mkataba namba 88 wa mwaka 1948 ukaikaza hoja hiyo. Kwa hiyo huduma ambayo wenye biashara wengi wanaiona kama mlango wa watafuta kazi peke yao iliwekwa tangu mwanzo kwa pande zote mbili, na mwajiri hapaswi kuona haya kuitumia.

Lalamiko ninalolisikia ni kwamba ofisi hizo huleta watu wasiofaa. Mara nyingine ni kweli, maofisa wana mafaili mengi kuliko uwezo wao. Lakini omba uonyeshwe tangazo lililopelekwa, nawe utaona ofisa alipewa nini cha kufanyia kazi: "Awe mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu wa miaka mitano, anayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo." Hakuna anayeweza kumtafuta mtu huyo, kwa sababu tangazo halisemi atafanya nini akifika. Na ile miaka mitano inaandikwa mno na watu ambao kazi yao inaweza kufundishwa kwa miezi mitatu. Wanaiandika kwa sababu hawana saa za kufundisha, na wanatumaini mwajiri mwingine ameshazitoa.

Ninachowashauri ni kuchukua karatasi na kuandika kazi ambazo mtu huyu atazifanya katika mwezi wake wa kwanza, kwa vitenzi vya kawaida: atapokea mizigo, atahesabu, ataandika kwenye daftari, atasafisha mashine, atapiga simu kwa wateja waliochelewa kulipa. Halafu gawa. Upande mmoja weka yale ambayo ni lazima ayajue siku anayoingia, upande wa pili yale atakayofundishwa hapahapa. Upande wa kwanza karibu kila mara unakuwa mfupi kuliko mwenye biashara alivyodhani. Mara nyingi ni kusoma, kuhesabu, kuja kwa wakati na kutoogopa kuuliza. Huo ndio unaokwenda kwenye tangazo. Upande wa pili ni mpango wa mafunzo, na programu za msaada zinauhitaji uandikwe kabla hazijatoa chochote. Karatasi moja imefanya kazi mbili. Kisha, badala ya usaili wa kupiga soga, waulize wote maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na wape sehemu ndogo ya kazi yenyewe waifanye mbele yako. Utafiti wa miongo mingi juu ya uteuzi wa wafanyakazi unaunga mkono njia hizo mbili kuliko mazungumzo ya kupimana kwa macho. Jaribio likizidi saa moja au mbili, lilipie.

Ukitumia wakala binafsi, muulize waziwazi kama anawatoza watafuta kazi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 umeweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa kwa vighairi vichache vinavyoruhusiwa kwa utaratibu maalumu. Mtu aliyekuja kwako akiwa na deni la kukupata ameanza kazi na mzigo ambao hukuujua.

Nikiwa hapo niseme jambo ambalo waajiri wadogo hulipita haraka mno. Watu wenye ulemavu wanaachwa nje ya orodha kwa hofu ya gharama za kurekebisha mahali pa kazi, na mara nyingi hofu hiyo haijawahi kupimwa. Nchini Marekani kituo cha ushauri kinachoitwa Job Accommodation Network kimewauliza waajiri kwa miaka mingi, na karibu nusu yao au zaidi wamekuwa wakijibu kwamba marekebisho waliyoyafanya hayakugharimu kitu. Ni kubadilisha saa za zamu, kuhamisha meza, kutoa maelekezo kwa maandishi badala ya kwa mdomo. Penye gharama, Uingereza ina mpango uitwao Access to Work tangu 1994 unaosaidia kulipia vifaa na wasaidizi. Uliza kama nchini mwako pana kitu cha namna hiyo kabla ya kumkataa mtu ambaye angeifanya kazi yako vizuri.

Nimefika kwenye tozo, na hapa nina hasira kidogo. Nchi nyingi hukusanya fedha za mafunzo kutoka kwa waajiri wenyewe. Brazil ilianza mwaka 1942 ilipounda SENAI, taasisi ya mafunzo ya viwandani, ambayo viwanda huichangia asilimia 1 ya mishahara. Afrika Kusini nayo ina tozo ya asilimia 1 kwa mwajiri ambaye jumla ya mishahara yake inapita randi 500,000 kwa mwaka. Uingereza tangu Aprili 2017 inatoza asilimia 0.5 ya mishahara inayozidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ujuzi kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na Kenya hutoza kiasi maalumu kwa kila mfanyakazi. Kila mfumo una mantiki yake na sitaingia humo. Kinachonikera ni nani anayerudi kuchukua. Kampuni kubwa ina mtu ambaye kazi yake ni kujaza madai, anajua tarehe za mwisho, anajua maneno ambayo mkaguzi anataka kuyaona. Afrika Kusini, kwa mfano, mwajiri aliyelipa anaweza kurudishiwa asilimia 20 ya tozo yake akiwasilisha mpango wa ujuzi na taarifa ya mafunzo kwa wakati. Karatasi hizo ni kazi ndogo kwa mwenye kitengo cha rasilimali watu, na ni mlima kwa mama anayeendesha biashara ya watu kumi na wawili huku akiwa ndiye mhasibu, muuzaji na msimamizi. Hivyo wadogo wanalipa na wakubwa wanafundishia. Mfumo wa namna hiyo naona una dosari hata kama kila kifungu chake ni halali.

Denmark imelikabili tatizo hilo kwa njia inayostahili kuigwa. Waajiri wote, wa umma na wa binafsi, huchangia mfuko mmoja. Mwanagenzi, yaani anayejifunza ufundi akiwa kazini, anapokwenda shuleni kwa kipindi cha nadharia, mwajiri wake anaendelea kumlipa, na mfuko unamrudishia mwajiri sehemu ya mshahara wa siku hizo. Uzuri wake ni kwamba asiyefundisha anamchangia anayefundisha. Mwajiri mdogo aliyechukua mwanagenzi mmoja hadai fadhila. Anapokea mchango wa jirani ambaye kesho huenda akamwajiri kijana huyo akiwa ameiva.

Kama unalipa tozo, basi, ulizia madai yake kabla ya kuomba msaada mwingine wowote. Ni fedha uliyokwisha kuitoa. Vyama vya waajiri na vya wafanyabiashara katika sekta nyingi huwa na mtu anayeweza kukuandikia madai ya kwanza, na ada ya uanachama ikinunua huduma hiyo peke yake imetosha.

Nirudi kwa anayefundisha, kwa sababu hata saa zikipatikana bado kuna swali la nini kinafanyika ndani yake. Kujua kazi na kujua kuifundisha ni vitu viwili. Ujerumani, yenye sheria ya mafunzo ya ufundi tangu 1969, inataka mahali panapopokea wanagenzi pawe na mtu aliyethibitishwa kuwa na uwezo wa kufundisha. Mwaka 2003 sharti la uthibitisho kwa wakufunzi wengi lilisimamishwa, kwa matumaini kwamba waajiri wengi zaidi wangefungua milango. Mwaka 2009 likarudishwa. Nchi yenye njaa ya nafasi za uanagenzi ilijaribu kulegeza hapo, ikaona haifai kuendelea. Mimi ningeanza kuomba msaada hapo: kozi fupi ya kumfundisha fundi wangu jinsi ya kufundisha. Ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye orodha, na haiishi mgeni mmoja anapoondoka.

Na haihitaji kuwa kubwa. Mwaka 1940 Marekani iliunda huduma ya mafunzo viwandani iliyojulikana kwa herufi TWI, kwa sababu viwanda vya vita vilikuwa vinapokea watu wengi ambao hawakuwahi kushika mashine. Kozi yake ya kufundisha kazi ilikuwa na vikao vitano vya saa mbili. Hadi huduma hiyo inafungwa mwaka 1945, zaidi ya watu milioni 1.6 katika viwanda zaidi ya 16,000 walikuwa wamepitia kozi zake, na baada ya vita mbinu zake zikavuka hadi Japani na kushika mizizi huko. Msingi wake ni hatua nne: muandae mwanafunzi, muonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe huku akieleza, kisha mfuatilie. Na juu ya yote palikuwa na imani kwamba mwanafunzi asipoelewa, aliyefundisha ndiye hajafundisha.

Watu huzichukulia hatua hizo nne kama jambo la wazi. Ugumu uko kabla yake. Mkufunzi alitakiwa kwanza kuivunja kazi vipande na kuandika, kando ya kila kipande, jambo ambalo likikosewa kazi inaharibika au mtu anaumia. Nimekaa na mafundi wakifanya zoezi hili na ninaweza kusema ndipo mafunzo yanapozaliwa. Fundi wa miaka mingi anaandika: "Washa mashine. Ingiza bamba. Kata." Muombe aifanye polepole huku ukimtazama. Utaona kwamba kabla ya kuingiza bamba anapitisha kidole gumba ukingoni. Kwa nini? Anatafuta vinundu, kwa sababu vikiwepo bamba litakaa upande. Halafu anasubiri kidogo baada ya kuwasha. Kwa nini? Anasikiliza, mashine ikiwa na mlio mwembamba bado haijafikia kasi. Hayo mawili hakuyaandika. Mikono yake ilikwisha kuyazoea, naye hakumbuki kwamba kuna siku hakuyajua. Mgeni aliyeambiwa "washa, ingiza, kata" atafanya hayo matatu kwa utiifu kabisa na kuharibu bamba, na ataonekana hana akili.

Hatua ya tatu nayo hurukwa. Mgeni akifanya kimyakimya na akapatia, fundi anaridhika na kuondoka. Lakini huenda amebahatisha. Akieleza kwa mdomo wake kwa nini anapitisha kidole, hapo umejua ameelewa. Na hatua ya nne, kufuatilia, ndiyo ya kwanza kufa kazi zikizidi. Kwa uzoefu wangu wiki ya tatu ndiyo ya hatari. Mgeni anaonekana kajua, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake, na makosa yaliyojificha yanaanza kukomaa yakiwa mazoea.

Kuna jambo linalomhusu fundi huyu mwenyewe. Wengi wa wale wanaofundisha katika biashara ndogo walijifunzia kazini na hawana cheti chochote, na baadhi ya programu hazimkubali asiye na cheti kuwa msimamizi wa wanagenzi. Hapo ulizia utaratibu wa kupimwa na kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya darasa; mamlaka za mafunzo ya ufundi katika nchi nyingi zinao. Anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti cha ngazi anayoistahili. Nimeona watu wazima wakitokwa na machozi kwa karatasi hiyo, na sioni cha kushangaza humo.

Mwajiri asiyeweza kutoa mafunzo ya aina zote peke yake anaweza kushirikiana. Australia ina mashirika yanayomwajiri mwanagenzi kisheria, yakashughulikia mshahara na karatasi zake, kisha kumpeleka kwa waajiri wanaompokea kazini. Kazi ikipungua kwa mmoja, anahamia kwa mwingine bila kupoteza uanagenzi. Ujerumani ina miungano ambamo waajiri kadhaa wanagawana mwanagenzi mmoja, huyu akifundisha asichokuwa nacho yule. Mahali pasipo na mpango rasmi, wenye karakana watatu wanaofahamiana wanaweza kuandika makubaliano yao na kuyapeleka chuo cha jirani wakiomba kiwe mlezi. Ni juhudi, lakini vyuo vinahitaji sana mahali pa kupeleka wanafunzi wao kwa vitendo, kwa hiyo mara nyingi mlango uko wazi kuliko inavyodhaniwa.

Ukiwa na mwanagenzi, mtendee kama mwanagenzi. Pendekezo namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2023, linataka awe na makubaliano ya maandishi, malipo stahiki, likizo na kinga dhidi ya ajali na magonjwa ya kazini. Kumweka mtu mwaka mzima akifagia na kubeba mizigo huku ukimwita mwanafunzi ni kumwibia, na ni kutumia vibaya fedha ya umma kama iliingia humo.

Imebaki hofu ambayo kila mwajiri ananiletea mwishoni, sauti ikiwa imeshuka: nikimfundisha, si ataondoka? Gary Becker, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1992, alieleza miaka ya sitini kwa nini hofu hiyo ina mantiki. Ujuzi unaotumika kokote unamnufaisha aliyeupata na mwajiri yeyote atakayemchukua, kwa hiyo aliyeulipia hana hakika ya kuvuna. Ujuzi unaotumika kwako tu hauna hatari hiyo. Hapo ndipo hoja ya msaada wa umma inaposimama, na ndiyo sababu usione aibu kuuomba: unafundisha kwa niaba ya wengi. Lakini tazama pia Uswisi, ambako takriban theluthi mbili ya vijana hupitia mafunzo ya ufundi. Tafiti za gharama huko zimeonyesha kwamba, kwa wastani, kazi anayoifanya mwanagenzi kabla hajahitimu inafidia gharama za kumfundisha. Mwajiri hahitaji kumfunga abaki ili asipate hasara. Hilo linawezekana kwa sababu mwanagenzi anapewa kazi ya kweli mapema, chini ya jicho la mtu anayejua kufundisha.

Baadhi ya waajiri hujikinga kwa mikataba ya kurudisha gharama. Ikiwa ni lazima, gharama iwe ile iliyolipwa kweli kwa chuo, iandikwe kabla ya mafunzo kuanza, na ipungue kila mwezi mfanyakazi anaobaki hadi iishe. Wengine huzuia vyeti ofisini. Hilo silikubali hata kidogo. Cheti ni cha mtu, na anayekishikilia cha mwenzake ili asiondoke hajafanya biashara, amemfunga.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaotunga hizi programu. Fomu nyingi ninazosaidia kuzijaza zina nafasi ya jina la mwajiri, jina la mwanafunzi, namba ya utambulisho wa mlipakodi na akaunti ya benki. Nafasi ya jina la atakayefundisha na saa alizotengewa kwa juma naikuta mara chache sana. Iwekeni. Na anayekagua asije mwishoni kuhesabu stakabadhi peke yake. Aje wiki ya tatu, amwombe mgeni afanye kazi moja huku akieleza, kisha amuulize fundi jana alifundisha kwa muda wa saa ngapi.